Mfupa ukipungua mguuni, nani atajaza pengo?

Kikao kilifanyika sebuleni kwa mama mdogo, Kibaha, Jumapili moja baada ya chakula cha mchana. Ajenda ilikuwa moja tu: mguu wa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, dereva wa bodaboda ambaye miezi mitatu kabla aligongwa na gari dogo akitoka kumshusha abiria.

Mfupa wa ugoko ulivunjika vipande na kutoboa ngozi. Kidonda kikapata maambukizi. Madaktari walimsafisha mara kadhaa, na kila mara walilazimika kuondoa vipande vya mfupa vilivyokufa. Walipomaliza, mguu ulikuwa umeshikiliwa na vyuma vya nje, na katikati ya ugoko palibaki pengo la sentimita nne.

Sasa daktari alikuwa amependekeza achukue mfupa kutoka kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe ili ajaze pengo hilo. Mdogo wangu alitaka kusikia familia inasemaje kabla hajasaini fomu.

Bibi ndiye aliyeanza kuuliza.

“Huo mfupa wa nyonga wakiuchukua, nyonga itabaki na nini? Yaani mnaziba shimo kwa kuchimba shimo jingine?”

Hakuna aliyemjibu. Baba mdogo yeye alikuwa na jawabu lake kwenye simu. Ilikuwa video fupi iliyorushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ikionyesha mashine inachapa kitu cheupe chenye vitundu vingi kama sega la nyuki. Maandishi chini yake yalidai kwamba nje ya nchi siku hizi mtu anachapiwa mfupa mpya na kurudi nyumbani akitembea. Baba mdogo alikuwa ameshaanza kutafuta mteja wa kiwanja chake.

Kisha macho yote yakanigeukia mimi.

“Wewe si ndiye mwandishi wa afya? Tuambie basi, ni kweli au si kweli?”

Nilitaka kusema ndiyo, maana hata mimi niliwahi kusoma habari za mifupa ya kuchapwa na nikafurahi. Lakini kiwanja cha mtu si jambo la kujibia kwa furaha. Nikaomba wiki moja. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

Mfupa si jiwe

Wengi wetu tunaudhania mfupa kuwa kitu kikavu, kama jiwe lililozungushiwa nyama. Kuna jaribio rahisi unaloweza kufanya na watoto jikoni. Chukua mfupa wa paja la kuku, uoshe, uuloweke kwenye siki kwa siku kadhaa huku ukibadilisha siki. Ukiutoa utaupinda kwa vidole kama mpira. Siki imeyeyusha madini, imebaki kolajeni, yaani nyuzinyuzi za protini. Mfupa mwingine ukiutia kwenye makaa mpaka uwe mweupe, utabaki na umbo lake lakini ukiuminya unavunjika kama chaki. Hapo moto umeteketeza nyuzi, yamebaki madini.

Kumbe mfupa ni mseto. Takribani theluthi mbili ya uzito wake ni madini ya kalsiamu na fosfeti yanayofanana na yale ambayo wanasayansi huyaita haidroksiapatiti, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni kolajeni na maji. Fundi wa ujenzi ataelewa haraka: zege peke yake hupasuka, nondo peke yake hupinda, ukiviweka pamoja unapata nguzo.

Jambo la pili ni matundu. Ukikata mfupa wa ng'ombe wa supu karibu na kifundo, utaona ganda gumu nje na ndani yake kitu kama sifongo. Katika sehemu hiyo ya sifongo, nusu au zaidi ya nafasi yote ni uwazi uliojaa uboho na mishipa ya damu.

Na jambo la tatu, mfupa uko hai. Kuna seli zinazobomoa mfupa uliochakaa na nyingine zinazojenga mpya, kila siku, maisha yote. Ndiyo maana mtoto aliyevunjika mkono akafungwa hogo, baada ya wiki chache mfupa umeunga wenyewe. Plasta haiungi mfupa, inaushikilia tu utulie ujiunge.

Kwa nini pengo halizibi lenyewe

Mfupa ukivunjika bila kupotea, damu huganda pale penye ufa, seli huingia, zinajenga daraja laini ambalo baadaye hugeuka kuwa gumu. Lakini daraja hilo lina kikomo. Pengo likiwa pana mno, seli hazina pa kukanyaga katikati. Kabla hazijafika upande wa pili, nyama na kovu vinakuwa vimeshalijaza eneo.

Kwa hiyo penye pengo panahitajika kitu cha kushikilia nafasi na kuwapa “mafundi” wa mwili njia ya kupita. Wataalamu hukiita kiunzi, kwa kukifananisha na miti ambayo mafundi hufunga kuzunguka ukuta ili wapate pa kusimama. Ukuta ukiisha, miti inafunguliwa. Kiunzi cha mfupa nacho kinatakiwa kiondoke mfupa mpya ukishasimama.

Nyonga, ghala la akiba

Hapa ndipo linapokuja swali la bibi. Kwa nini nyonga?

Mfupa wa mgonjwa mwenyewe huleta mambo matatu kwa mkupuo. Huleta kiunzi chenye vitundu tayari, huleta seli hai za kujenga, na huleta kemikali zinazoziita seli nyingine zije kazini. Mwili haukatai, kwa sababu ni wake. Hadi leo, kila kifaa kipya kinachobuniwa maabara hulinganishwa na mfupa huo, na vingi hushindwa.

Na nyonga itabaki na nini? Daktari huchota zaidi ile sehemu ya sifongo kwenye ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, pale unaposhika kiuno. Uzito wa mwili haupiti moja kwa moja kwenye ukingo huo, kwa hiyo mtu anaendelea kutembea.

Bibi hata hivyo hakukosea. Ghala hilo lina kikomo, hasa kwa mtoto, kwa mzee, au kwa mtu aliyeshachotwa mara moja. Kuna kidonda cha pili, na baadhi ya wagonjwa hulalamikia maumivu ya nyonga kwa miezi mingi kuliko maumivu ya mguu wenyewe. Ni kwa sababu hiyo hasa wanasayansi wamekuwa wakitafuta mbadala kwa miaka mingi.

Zipo pia njia nyingine ambazo madaktari wa mifupa huzitumia. Gavriil Ilizarov, daktari wa Kisovieti, alibuni pete za chuma zinazouvuta mfupa taratibu, milimita moja kwa siku, huku mfupa mpya ukiota nyuma. Mfaransa Alain-Charles Masquelet, katika miaka ya 1980, aligundua kwamba ukiweka kipande cha saruji ya kitabibu kwenye pengo kwa wiki kadhaa, mwili hukifuma utando wenye damu nyingi. Baadaye saruji hutolewa na mfupa wa nyonga hujazwa ndani ya utando huo kama mfukoni. Hii ndiyo njia ambayo daktari alimpendekezea mdogo wangu.

Kutoka kwenye basi hadi kwenye matumbawe

Safari ya kutafuta mbadala ina visa vingi. Viwili vilinikaa kichwani.

Mwaka 1967 mwanasayansi kijana wa Chuo Kikuu cha Florida, Larry Hench, alipanda basi kwenda kwenye mkutano huko New York. Pembeni yake alikaa kanali wa jeshi la Marekani aliyetoka vitani Vietnam. Kanali alimweleza kuhusu vijana wanaokatwa viungo kwa sababu mwili unakataa chuma na plastiki, akamuuliza kama wanasayansi wanaweza kutengeneza kitu ambacho mwili utakikubali. Miaka miwili baadaye, 1969, Hench alitengeneza kioo chenye kalsiamu na fosfeti. Kilipowekwa kwenye mifupa ya panya, baada ya wiki sita hakikung'oka. Kilikuwa kimeshikamana na mfupa. Kikaitwa Bioglass.

Kisa cha pili kinatuhusu sisi wa pwani. Wazee wetu wa Kilwa, Lamu na Unguja walijenga misikiti na nyumba kwa matumbawe. Ukilitazama tumbawe kwa karibu unaona vitundu vingi vilivyoungana, vinavyofanana sana na sifongo ya ndani ya mfupa. Mwaka 1974 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walionyesha kwamba tumbawe likiwekwa kwenye maji ya moto sana yenye fosfeti, chini ya mgandamizo, chokaa yake hugeuka kuwa haidroksiapatiti, na vitundu vinabaki vilevile. Bidhaa iliyotokana na ugunduzi huo, Pro Osteon, iliruhusiwa Marekani mwaka 1992 kwa ajili ya kujaza matundu ya mifupa.

Lakini kioo na tumbawe vyote vina udhaifu uleule wa mfupa uliochomwa kwenye makaa. Vinapasuka. Ugoko wa dereva wa bodaboda hauwezi kusimama juu ya chaki.

Uzuri wake uko kwenye uwazi

Ndipo wanasayansi wakarudi kwenye somo la jikoni. Kama mfupa wenyewe ni mseto, basi na kiunzi kiwe mseto. Wanachukua madini ya kalsiamu na fosfeti, wanayachanganya na polima, yaani plastiki ya aina ambayo mwili unaweza kuimeng'enya. Polima za jamii hiyo tayari ziko hospitalini, kwenye nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe. Polima huzuia kupasuka, madini hufanya seli za mfupa zijisikie nyumbani.

Kazi ngumu ni kuweka vitundu. Tafiti za tangu miaka ya 1970 zinaonyesha kwamba mfupa unahitaji vitundu vya angalau 1/10 ya milimita, sawa na unene wa karatasi ya kuandikia. Vikiwa vya karatasi tatu, yaani 3/10 ya milimita au zaidi, mishipa ya damu hupita vizuri zaidi na mfupa huota vizuri zaidi. Na lazima viungane kimoja na kingine. Kitundu kilichojifunga peke yake ni chumba kisicho na mlango, na seli iliyo mbali na damu hufa.

Mbinu zenyewe ukielezwa unaweza kucheka. Moja ni ya chumvi: unachanganya chembe za chumvi na polima, ikishaganda unailoweka kwenye maji, chumvi inayeyuka na kuacha vitundu. Nyingine ni ya sifongo: unachovya sifongo kwenye uji wa madini, unaichoma, sifongo inaungua na umbo linabaki. Nyingine hutumia gesi, kama hamira inavyoumua andazi. Na nyingine ndiyo ile ya kwenye video ya baba mdogo, ambapo mashine huchora uzi mwembamba wa polima, tabaka juu ya tabaka, kwa kufuata picha ya mfupa wa mgonjwa iliyopigwa kwa mashine ya CT.

Ugumu uko hapa: kila unapoongeza vitundu, unapunguza nguvu. Ukiacha uwazi mwingi, damu inapita lakini kiunzi kinabonyea. Ukikaza, kinabeba uzito lakini seli hazipiti. Halafu kuna suala la muda. Kikiyeyuka mapema, pengo linarudi kabla mfupa haujakomaa. Kikichelewa, mfupa mpya unakosa nafasi. Fundi akifungua miti saruji haijakauka, ukuta unaanguka. Akisahau kuifungua, huwezi kupiga plasta.

Kondoo walipona, na watu je?

Swali la kiwanja lilihitaji jibu la hapa: je, kuna mtu aliyetibiwa?

Ndiyo, wapo. Januari 2001 madaktari wa Italia waliripoti katika jarida la New England Journal of Medicine kuhusu wagonjwa watatu waliopoteza sentimita kadhaa za mifupa ya mkono au mguu. Walichukua seli za uboho wa mgonjwa, wakazikuza maabara, wakazipandikiza kwenye kiunzi cha haidroksiapatiti chenye vitundu. Mifupa iliunga. Ufuatiliaji wa miaka sita hadi saba ulionyesha bado imeshika vizuri, ila kile kiunzi chenyewe hakikuwa kimeondoka. Miti ilibaki ukutani.

Singapore, watafiti walitengeneza kiunzi cha polima iitwayo polikaprolaktoni, ambayo huyeyuka kwenye joto la takribani nyuzi 60 na hivyo ni rahisi kuichapa. Mwilini huisha polepole, kwa miaka miwili hadi mitatu. Vifuniko vyake vimetumika kuziba matundu ambayo madaktari huyatoboa kwenye fuvu wanapoondoa damu iliyovuja. Fuvu halibebi uzito wa mwili, ndiyo maana safari ilianzia huko.

Kwenye ugoko, mwaka 2012 watafiti wa Brisbane, Australia, walichapisha matokeo ya kondoo waliokuwa na pengo la sentimita tatu. Kiunzi cha polima hiyo kilichochanganywa na madini ya kalsiamu fosfeti na kutiwa protini ya kuchochea mfupa, baada ya miezi 12, kilitoa mfupa mwingi na imara kuliko mfupa wa nyonga. Ni habari njema sana. Lakini sahani ya chuma ndiyo iliyobeba uzito wakati wote huo, na mwaka mzima si “kurudi nyumbani akitembea”.

Kuna watafiti, wakiwemo wa hapa Afrika, wanaotengeneza haidroksiapatiti kutoka kwenye mifupa ya ng'ombe na maganda ya mayai. Malighafi tunazo jalalani. Kinachogharimu ni kuisafisha, kuipima na kuthibitisha usalama wake. Kwa hiyo tafadhali, asitokee mtu wa kusaga maganda ya mayai na kunyunyiza kwenye kidonda. Hiyo ni kukaribisha maambukizi.

Niliyoyasema kwenye kikao

Jumapili iliyofuata tulikaa tena. Nilimwambia baba mdogo kwamba video haikudanganya kuhusu mashine, ilidanganya kuhusu mguu. Kinachochapwa ni kiunzi, na mfupa lazima mwili uujenge wenyewe. Chembechembe za madini za kujaza matundu madogo zinauzwa na hutumiwa na madaktari wa meno na wa mifupa, lakini kwa pengo la sentimita nne kwenye ugoko unaobeba mwili mzima, kiunzi cha kuchapwa bado ni cha majaribio na cha wagonjwa wachache waliochaguliwa. Kiwanja kisiuzwe kwa ajili ya video.

Bibi nilimwambia kwamba shimo la nyonga litakuwepo, litauma, ila nyonga itabaki imesimama.

Kisha nikampa mdogo wangu maswali ya kumpelekea daktari, ambayo familia yoyote yenye mgonjwa kama wake inaweza kuyatumia. Je, maambukizi yamekwisha kabisa kabla ya kupandikiza? Utachukua mfupa kiasi gani, na kutoka upande gani? Mguu utashikiliwa na nini wakati mfupa unaota? Nitaanza kukanyaga lini? Na kama ukishindwa kuunga, hatua inayofuata ni ipi? Akiambiwa kuhusu kifaa kipya, aulize kimeruhusiwa na mamlaka gani, na kwa mfupa upi.

Nilimwomba pia aache sigara, kwa sababu uvutaji huchelewesha mfupa kuunga. Alinitazama vibaya, lakini pakiti alimpa mama yake.

Na kwa anayesoma akiwa mzima: mfupa ukitoboa ngozi, usiusukume ndani na usipitie kwanza kwa mtu wa kuuvuta na kuufunga kwa nguvu. Funika kwa kitambaa safi, mguu usichezeshwe, mfikishe hospitali haraka. Dawa za kuua vijidudu zikianza mapema, uwezekano wa maambukizi hupungua, na maambukizi yanaweza kusababisha mfupa zaidi kupotea. Ndivyo ilivyokuwa kwa mdogo wangu.

Alisaini. Ni miezi minane sasa. Picha ya mwisho ya eksirei inaonyesha wingu jeupe limevuka kutoka upande mmoja wa pengo hadi mwingine. Anatembea kwa gongo moja. Nyonga humuuma akilala ubavu wa kulia, na pikipiki imeshauzwa.

Wiki iliyopita nilimkuta barazani akiangalia tena ile video, mara hii na binti yake wa miaka sita. Mtoto alitaka kujua kwa nini mfupa wa kwenye simu una matundu mengi hivyo, kwani umeharibika?

“Hapana mama,” baba yake akamjibu. “Hayo ndiyo milango.”